Gunia Lililotutangulia Pate

Ninyi mnaokaa pale kwangu mkingoja mahindi yenu yasagwe, mmeniuliza habari za Pate mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa nasikia vipande havilingani. Kuna anayesema nilianguka baharini. Kuna anayesema nimerudi na punda. Basi naandika mara moja, nibandike ukutani kando ya mashine, na atakayeuliza tena nitamwonyesha kwa kidole huku naendelea na kazi.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wazazi wangu walinileta Kililana nikiwa mgongoni, na nadhani safari ile ilinitosha. Shule ya msingi hapa, sekondari hapo mjini Hindi, basi. Bahari nimeiona miaka yote kama mtu anavyoliona shamba la jirani: liko pale, linapendeza, si langu. Amu yenyewe, Lamu mjini, nimeenda kwa shida za lazima tu, na kila mara nikarudi siku ile ile. Mke wangu, Mama Wambui, husema nikilala nje ya kitanda changu nitaamka nimesahau jina langu.

Kilichonitoa ni Wambui, binti yetu. Mnakumbuka alimaliza chuo cha ualimu akakaa nyumbani akingoja. Kazi ikaja: shule ya msingi, kisiwa cha Pate, aripoti muhula ukifunguliwa. Wakati huo huo kuna shule ndogo hapa karibu iliyokuwa ikimtaka pia. Hakusema ndiyo kwa huku wala kwa kule. Alifagia uwanja, akafagia tena. Mimi nilijua ninachotaka: abaki. Lakini sikumwambia, maana Wambui ukimwambia usipande mti ule, anakujibu akiwa juu.

Ndipo mama yake akasema, "Twende likizo. Sote watatu, huko huko Pate. Wiki moja tule, tupumzike, aone kwa macho yake kabla hajaamua. Msimu wa wageni haujaanza, hakuna msongamano."

Nilikubali upesi hivi kwamba aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na mpango. Acha kisiwa kimkatae chenyewe. Mimi kazi yangu itakuwa kusimama kando na kusema, "Unaona?"

KILILANA HADI MOKOWE: GUNIA

Habari za kutafuta nyumba ya kulala sitawachosha nazo, alizizungusha Mama Wambui kwa simu. Mimi nilishughulika na chakula. Nilijiambia kisiwani watu wanakula samaki asubuhi, mchana na jioni, na mimi samaki ananikodolea macho hata akiwa amekaangwa. Nikajaza gunia viazi, waru safi kutoka shambani, nikaongeza kabichi mbili na unga kidogo, nikashona mdomo.

"Baba," Wambui akasema, "tunaenda likizo ama tunahama?"

"Utanishukuru."

"Watu wa likizo hubeba taulo."

"Taulo haichemki."

Dereva wa probox alilitazama gunia, akanitazama mimi, akauliza kama tunaenda matanga. Mama Wambui akamjibu, "Tunaenda kustarehe," kwa sauti ambayo ningekuwa na akili ningerudisha gunia. Sikurudisha. Tuko Mokowe na mimi nimekumbatia gunia mapajani kama mtoto mgonjwa.

MOKOWE HADI AMU: MAJI NI MENGI

Pale jeti ya boti nilivalishwa lile jaketi la kuelea la rangi ya chungwa. Wengine walilivaa wazi. Mimi nilifunga kamba zote mpaka nikashindwa kugeuza shingo. Boti ilipoondoka nilitazama mbele tu, na watu wakadhani ni heshima.

Amu tulilala Wiyoni, kwa Mama Brayo, mke wa askari, ambaye alikuwa akiimba kwaya na mke wangu kabla mumewe hajahamishiwa huko. Nilimpenda mara moja maana alianza kusema maneno niliyoyataka.

"Pate? Mwalimu msichana, peke yake? Mimi nilipoletwa Amu tu nililia. Hakuna gari, maji ya chumvi, jirani simwelewi anachosema. Nililia mwezi mzima."

Nikamgonga Wambui kwa kiwiko. "Unaona?"

"Halafu mwaka jana," Mama Brayo akaendelea, akituongezea chai, "wakataka kumhamisha mzee wangu turudi bara. Wee! Nililia zaidi ya mara ya kwanza. Nikamwambia wewe nenda, mimi na watoto utatukuta hapa."

Wambui hakunigonga kwa kiwiko. Alikunywa chai yake polepole tu huku akinitazama juu ya kikombe.

AMU HADI MTANGAWANDA: KITANDA CHA BIBI HARUSI

Boti ya Pate haiondoki kwa saa ya ukutani. Inaondoka kwa maji, kwa sababu njiani kuna mlango mwembamba kati ya mikoko uitwao Mkanda, na maji yakipwa, pale ni matope. Nahodha, Bwana Lali, alitueleza hayo vizuri sana asubuhi. Kisha akakaa, akangoja kitanda.

Kilikuwa kitanda cha bibi harusi, kinatoka kwa seremala kwenda Pate, na seremala alikuwa bado anakipiga vanishi. Maji yanaondoka, sisi tumekaa.

"Bwana Lali," nikauliza, "kitanda hakiwezi kwenda kesho?"

"Kitanda chaweza," akasema. "Arusi haiwezi."

Kikaja kimebebwa vichwani, kinang'aa, kikawekwa katikati ya boti na abiria tukapangwa kukizunguka. Tulipofika Mkanda, maji yalikuwa yamekwisha kwenda zake. Boti ikasugua chini mara moja, ikatulia. Nahodha akazima mashine, akavua kofia, akajilaza. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

"Tumekwama?" nikauliza.

"Twangoja," akasema bila kufungua macho.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Jua kali, matope kulia, matope kushoto, kaa wadogo wanatutazama kutoka kwenye mizizi ya mikoko. Nikamwinamia Wambui. "Sasa fikiria hii ndiyo njia yako ya kuja nyumbani kila likizo."

Lakini Wambui alikuwa hanisikii. Mama mmoja mwenye buibui alikuwa amefungua kapu, anagawa mkate wa mofa na samaki wa kukaanga kwa boti nzima kana kwamba alijua tangu jana kuwa tutakwama. Pengine alijua. Binti yangu na mke wangu walikuwa wameshapokea. Mimi nikasema asante, nimeshiba. Nikashiba nusu saa. Kisha nikaegemea kitu, nikajifanya nasinzia, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kapu.

"Mchukue huyo mkubwa," yule mama akasema. "Huyo mdogo ana miba."

Akishakatwa kichwa na kufichwa ndani ya mkate, samaki hana macho ya kumkodolea yeyote. Nilikula wawili.

Maji yalirudi kimya kimya, boti ikajinyanyua. Nikajinyanyua na mimi, na shati langu la kanisani likakataa. Kile nilichokuwa nimeegemea ni kitanda. Tangu bega mpaka kiuno nilikuwa na mstari wa vanishi, unang'aa kama mlango mpya. Bwana Lali alikagua kitanda kwanza.

"Hakikuharibika," akatangaza, na boti yote ikamshukuru Mungu.

MTANGAWANDA HADI PATE: WAZIRI

Kutoka jeti ya Mtangawanda hadi mji wa Pate ni mwendo wa miguu unaokaribia saa moja. Siku nyingine kuna pikipiki. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na njia imekuwa uji.

Aliyepokea mizigo ni Bwana Athman, mtu mpole mwenye kikoi. "Mwatoka wapi?"

"Kililana," nikasema.

Alilitazama gunia. Akaliminya kwa vidole, akasikia viazi ndani. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata jibu la swali la zamani.

"Aaa! Kililana. Basi, basi."

Akaita punda mmoja wa kijivu aliyekuwa amesimama peke yake kivulini, akampakia gunia na mabegi yetu yote, akampiga kofi moja la mgongo. Punda akaondoka. Hakuna mtu aliyemfuata.

"Anakwenda na nani?" nikauliza.

"Yeye na mizigo."

"Lakini anajua tunakokwenda?"

Bwana Athman alicheka. "Waziri? Ndia hii aijua kuliko mimi."

Waziri ndilo jina la punda. Na kweli, njia aliijua. Sisi tulitembea nyuma kwenye matope, viatu mkononi, naye akatuacha mbali sana hata tukabaki na nyayo zake tu. Nilihesabu moyoni baraka zangu: kukwama, matope, vanishi, na sasa punda anayejiendesha. Kama ningeajiri watu wa kuiharibu safari hii wasingefanya kazi nzuri hivyo.

Nyumba ya wageni ndiyo iliyonimaliza kwa furaha. Ilikuwa nzuri, kuta nyeupe, vyumba vipana. Haikuwa na paa. Makuti ya zamani yameshushwa, mapya yamelala uwanjani, magodoro yamesimamishwa kwenye jua, na mwenye nyumba, Bwana Shee, ameketi juu ya tofali anakula embe. Alipotuona alisimama, akaficha embe nyuma.

"Subuhanallah. Mumekuja."

"Tulisema tunakuja," Mama Wambui akasema.

"Mulisema. Lakini wageni husema kisha huja mwezi ujao. Mimi nangojea mwezi ujao."

Mpishi naye alikuwa ameenda Faza kwa dada yake. Nikamgeukia Wambui na kufungua mdomo, lakini nikamwona mama yake. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, miguu imejaa matope, anatazama pale palipotakiwa kuwa na dari. Mwanamke huyu hajapata likizo tangu tuoane, kwa sababu aliolewa na mimi. Ile "unaona" yangu nikaimeza.

"Tutoe taulo tujipanguse," akasema. "Mabegi yako wapi?"

Bwana Shee akashangaa. "Mabegi gani?"

Tukamweleza habari za punda wa kijivu. Akaanza kucheka, akajizuia kwa sababu ya uso wa mke wangu, akashindwa, akacheka.

"Waziri ni punda wa Bi Saida. Waziri hawezi kuja hapa, hata umwimbie. Waziri huenda kwao."

PATE: KWA BI SAIDA

Tulimfuata Bwana Shee kwenye vichochoro vyembamba, kuta za mawe pande zote, mpaka kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba moja kubwa ya zamani. Waziri alikuwa amefungwa nje, anakula maganda. Niliyatambua maganda yale. Yalikuwa ya waru.

Bwana Shee akapiga hodi. Mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye leso kichwani, akatokeza mlangoni na kisu mkononi.

"Mbona mwasimama nde? Ndooni! Mumekawia, punda kafika zamani."

Nyuma yake nikaliona gunia langu limelala ukumbini, mdomo wazi, nusu yake imekwisha. Nguo zetu zilizolowa njiani zilikuwa zimeanikwa kambani, hata zile ambazo mtu hapendi zianikwe hadharani. Harufu ya nazi na bizari ilikuwa imejaa nyumba nzima.

"Bi Saida," nikaanza, "kumetokea makosa. Punda..."

"Makosa gani? Nyinyi si wa Kililana?"

"Ni wa Kililana, lakini..."

"Basi."

Alitueleza tukiwa tunanawa miguu. Utotoni mwake, baba yake alikuwa akivuka kwenda kulima Kililana. Mavuno yakiwa tayari, gunia ndilo lilikuja kwanza. Lilishushwa Mtangawanda, likapakiwa punda, punda akaja nyumbani peke yake, na mama yake akiona gunia mlangoni anainjika chungu, kwa kuwa wenyewe wako njiani nyuma. Mgeni wa kawaida huja na mkoba wake mkononi, na huyo anatafutiwa pa kulala. Aliyetanguliza gunia haulizwi kitu. Bwana Athman alipoona viazi na kusikia Kililana hakuwa na haja ya kutuuliza tunalala wapi: gunia la Kililana lilikuwa likija nyumba hii.

"Tangu babangu afe," Bi Saida akasema, "punda hakuniletea gunia. Yeo namuona Waziri mlangoni na gunia, nimekaa tini nimelia. Kisha nikamenya."

Nilitaka kumwambia kweli ya gunia lile, kwamba nililijaza kwa kuogopa chakula cha kwao. Mama Wambui akanifinya nyama ya mkono, akaishika mpaka nikanyamaza.

Chakula wanawake walikula ndani. Mimi na Bwana Shee na majirani wawili tuliletewa sinia pale dakani: wali wa nazi, viazi vyangu vimepikwa rojo zito la ukwaju, na samaki juu yake, mzima, na macho yake. Mnajua kwangu hakuliwi kabla ya sala, na mnaijua sala yangu. Majirani walisema bismillahi wakangoja kwa adabu. Niliombea chakula, nikaombea mikono iliyopika, nikaombea mvua, viongozi, nimeanza kuwaombea wasafiri walio baharini, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Bwana! Mwenyezi Mungu kesha kusikia. Wali wapowa."

Ndani nikasikia mke wangu na binti yangu wakicheka mpaka mmoja akakohoa. Nikasema amina. Sikumbuki samaki yule alinitazama vipi.

Tulikaa kwa Bi Saida wiki nzima. Bwana Shee alikuja kila siku kuomba radhi na kula. Mama Wambui alifundishwa kusuka ukili wa mkeka; alisuka kipande kilichopinda kama njia ya kwetu, Bi Saida akakisifu, kisha nikamwona akikifumua kwa siri. Maji yakijaa, wawili hao walikwenda kukaa ukingoni, miguu ndani, hawafanyi lolote. Mke wangu hafanyi lolote! Nilisimama mbali nikamtazama kama mtu anayetazama gari jipya. Vanishi ya shati ilitolewa kwa mafuta ya taa, ikabaki kivuli tu.

Na mimi je? Niliketi barazani. Asubuhi nilikaa upande wa kushoto, jua likihama nikahamia kulia. Watu walipita, wakasalimu, wakaketi, tukazungumza habari za mvua na bei ya tumbaku, wakaenda, wakaja wengine. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekaa. Kwetu mnanicheka kwamba nimeota mizizi; kule nilivuka bahari nzima nikakuta mji wa watu kama mimi.

Lakini sikuwa nimeuacha mpango. Siku moja Wambui alitaka kuiona shule. Ilikuwa imefungwa kwa likizo. Alisimama mlangoni mwa darasa, mikono nyuma, akachungulia madawati kwa muda mrefu.

"Paa hili linavuja," nikasema.

"La kwetu pia linavuja, Baba. Ulisema utaliziba nikiwa darasa la sita."

Nilitazama madawati pamoja naye.

Siku ya mwisho nilijiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote: umbali, Mkanda, mama yako atakuwa mpweke. Yalikuwa maneno mazuri. Nikaingia uani kumtafuta, nikakuta Bi Saida amemkalisha kwenye kigoda, anamsuka nywele na kumgombeza.

"Jua la saa sita wenda tembea bila kitu kitwani! Na chai hukumaliza. Ukiugua nitamwambia nini mamako?"

Wambui alikuwa ameinamisha kichwa, amenuna. Nilimtazama vile alivyonuna. Ni kule kununa kwa nyumbani kabisa, ambako hanuni mbele ya mtu asiyemwamini. Maneno yangu yote yakaondoka, sijui yalikwenda wapi.

Bi Saida akaniona. "Bwana, kuna chumba yuu. Kina dirisha la upepo. Mwalimu asikae kwa kupanga na mimi nipo. Lakini huyu asema mpaka babake."

Wambui akainua kichwa, nusu kimesukwa, nusu bado. "Nataka kuja, Baba. Lakini sitaki kuja umenuna."

Mama yake alikuwa mlangoni, ananitazama. Nikatafuta mle ndani mwangu ile hapana niliyotoka nayo Kililana, nikakuta samaki na wali.

"Utahitaji viazi," nikasema.

Akanirukia na nywele zake zile. Bi Saida akapiga kelele kwamba asimharibie mistari.

KURUDI

Kurudi hakuna habari. Boti haikungoja kitanda, maji yalikuwa mengi, jaketi nilifunga kamba moja tu. Niliingia kwangu, nikalala kitandani mwangu, na jina langu nalikumbuka.

Muhula umefunguliwa, Wambui ameenda. Nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia panya akifikiri. Juzi nilijaza gunia lingine, nikalipeleka hadi jeti, na nikalivusha mwenyewe hadi Amu. Bwana Lali akauliza aliandike jina la nani.

"Usiandike," nikamwambia. "Mpe Waziri."

Nikarudi siku ile ile, kama kawaida yangu. Nilidhani yamekwisha. Jana nikiwa hapa mashineni simu ikalia. Wambui.

"Baba, gunia limefika."

"Vizuri. Viazi havikuoza?"

"Havikuoza. Lakini Bi Saida ameshainjika chungu. Amekaa mlangoni anatazama njia, anauliza mmefika wapi."

Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi mashine imefungwa. Msigonge.